Mashine Aliyoifunga Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Fundi viatu amepanda ngazi asubuhi, mkononi ana nati. Imedondoka kutoka juu, ikatua ndani ya kopo lake la gundi. Yeye hukaa chini kabisa ya dirisha la chumba cha mama mkwe, anafuata kivuli. Hakuja kugomba. Aliniomba tu kwa upole nimwite mtu aitazame ile AC, maana leo ni nati, kesho haijulikani. Kisha akasema kichwa chake hakina spea.

Nilicheka naye. Alipoondoka nikakaa kwenye kiti cha cherehani.

Nati ile aliikaza mume wangu. Mashine ya nje ya AC aliifunga mwenyewe, siku yake ya mapumziko, huku akipiga mluzi. Mama yake ana ugonjwa wa moyo, joto linambana pumzi. Amefunga AC za majengo mengi ya watu — yetu ndiyo ya mwisho aliyoimaliza. Baada yake alipanda jengo moja la ofisi, hakushuka kwa miguu yake. Kazini kwao walisema hakufunga mkanda wa usalama. Basi. Huu mwaka wa pili.

Nati imeota kutu. Nimeiweka kwenye sahani ya sindano. Sijui kwa nini sikuitupa.

Jumanne, 4 Machi

Mashine inagonga. Ko, ko, ko — inanyamaza — ko, ko, ko. Mwanzoni nilidhani ni cherehani yangu. Nikaacha kushona pazia la watu, nikasikiliza. Ni yenyewe.

Mama hashangai. Amesema ni wiki sasa mwanawe ana kikohozi. Ameyasema hayo akimenya kitunguu, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya mkate.

Nilijua anazungumza nayo. Namsikia mchana nikiwa sebuleni: umekula? Umechoka? Pumzika basi. Nilimwacha. Kila mtu analia kwa njia yake. Ila leo niliingia chumbani, nikafungua dirisha nichungulie, nywele zikanisimama. Mtu amekaa ukutani! Mabega, mikono miwili inaning'inia, kola imesimama.

Lilikuwa koti la kazi la mume wangu. Mama amelivisha ile mashine, akalifunga vifungo vyote. Eti vumbi na jua vinamuumiza. Yaani amejinyoosha nje ya dirisha la ghorofa ya tatu, na moyo wake ule, kwenda kuvisha chuma.

Nimelivua. Lilikuwa la moto kama mtu mwenye homa. Mama hajanisemesha hadi sasa.

Alhamisi, 6 Machi

Mrefu amekuja.

Sikuwa na fundi mwingine wa kumwita. Alikuwa mshirika wa mume wangu, wakipanda pamoja na kula pamoja. Tangu mazishi hakukanyaga hapa. Amekonda. Amenisalimia, "Shemeji," macho yake kwenye viatu vyangu.

Kazi anaijua. Kwanza alizima AC, kisha swichi yake ukutani, kisha swichi kubwa kwenye korido, akabandika karatasi juu yake mtu asije akaiwasha. Akasubiri feni isimame kabisa. Kisha kamba: akaizungusha kwenye nguzo ya zege ya sebuleni, akaipitisha chumbani, akaunganisha na mkanda kiunoni. Akaikagua kulabu. Akaikagua tena. Akageuka dirishani, akarudi, akaikagua tena. Nikajifanya natafuta mkasi.

Alipoingia ndani alinieleza taratibu. Ile mashine hupumua, haitakiwi kufunikwa hata kwa kitambaa chepesi, inataka nafasi pande zote. Koti limeifanya ifanye kazi kama punda. Tena bomba la maji lilichomoka, maji yakawa yanadondokea vyuma vinavyoibeba, vimelika. Mipira ya chini imekufa, ndiyo maana inatikisika, ndiyo maana nati zinajifungua. Na ukuta una ufa nyuma ya boliti ya juu. Yote hayo, alisema, ni ya kusafishwa na kukazwa kila msimu. Hakuna aliyekuja.

Inabidi ishushwe, ifungwe upya upande wa ukuta mzima. Hadi siku hiyo isiwashwe kabisa. Mtikisiko tu unatosha kuiangusha.

Mama alikuwa kitandani. Akasema bila kunyanyua kichwa kwamba hashushwi mtu hapa.

Mrefu alianza kukunja kamba yake. Alisema atarudi na vyuma vipya.

Nimemwomba fundi viatu ahamie ng'ambo ya barabara. Anakaa juani sasa, kichwani amejifunika gazeti. Pale chini nimepanga viti vyangu vinne na kamba ya nguo, watu wasipite.

Jumamosi, 8 Machi

Siwezi kukaa. Naandika nimesimama, daftari juu ya friji.

Mrefu alikuja na vyuma. Kabla hajaanza nilimtengea chai, tukakaa sebuleni. Mama alikuwa amelala, mlango wa chumbani wazi kwa ajili ya hewa. Nikamwuliza. Sijui lilinitoka wapi, nimelimeza muda mrefu. Nilimwuliza ilikuwaje mtu aliyekuwa akinigombeza nikipanda stuli bila kushikwa, asahau mkanda.

Alikizungusha kikombe.

"Hakusahau, shemeji. Mkanda ulikuwa mmoja. Tulikuwa wawili."

Wa pili ulikatika mshono, ukapelekwa kutengenezwa, haukurudi. Msimamizi akasema kazi ni ndogo, wapande hivyo hivyo, wapokezane. Mume wangu alikataa mwanzoni. Baadaye akakubali. Akauvua wake, akamvisha Mrefu kwa mikono yake, akamfunga kulabu, akampiga kofi begani.

Nikamwuliza alisema nini. Mrefu akasema hakusema kitu. Nikamwambia ananidanganya.

"Alisema, 'Vaa wewe. Wewe una mtoto.'"

Mtoto wa Mrefu alikuwa na wiki chache siku hizo, hata jina alikuwa hajapewa. Mimi mwenyewe nilimshonea shuka.

Sikulia. Nilisimama, nikafungua mlango wa nje, nikaushika wazi. Mrefu alielewa. Aliacha vyuma vyake ukutani, kikombe hakukimaliza. Kwenye ngazi aligeuka, akafungua kinywa. Nikafunga mlango.

Jumapili, 9 Machi

Una mtoto.

Na mimi je? Mimi ni nani? Alipouvua mkanda ule alinihesabu wapi?

Jumanne, 11 Machi

Joto la ajabu. Mama anapumua kama amepanda mlima, na hajapanda kitu. Namwekea vitambaa vya maji kifuani. Feni ya mezani inazungusha moto tu.

Mchana nilitoka kupeleka mapazia kwa mteja. Nikirudi, bado niko barabarani, nikamwona fundi viatu ananipungia mikono yote miwili, ananionyesha juu. Nikatazama. Feni ya ile mashine inazunguka.

Sijui nilipandaje ngazi. Kutoka mlangoni naisikia — ko, ko, ko, bila kupumzika, kama mtu aliyefungiwa nje. Nyumba nzima ilikuwa baridi. Nilisimama pale koridoni, Mungu anisamehe, sikuzima mara moja. Nilikuwa nimeloa jasho, na ile hewa ilinijia shingoni, na kwa muda mfupi nilihisi yupo. Yupo tu, chumba cha pili, anatafuta bisibisi. Nilikaribia kumwita.

Ndipo ukuta ukatoa mlio. Mkavu, kama mfupa. Nikazima swichi kubwa.

Mama alikuwa amekaa kitandani, miguu imefunikwa, karatasi ya Mrefu ameibandua, iko mapajani. Nilimwambia ingeweza kumuua mtu chini. Akanijibu kwamba anajua. Akasema alitaka tu kumsikia kidogo.

Mchanga umemwagika dirishani. Ule ufa sasa unaingia kidole.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwita fundi mwingine. Jirani wa chini ndiye aliyenielekeza. Amekuja na sigara sikioni na maneno mengi. Ameitazama mashine kwa jicho moja, akasema hiyo ni kazi ya kunywa chai. Hakuuliza swichi kubwa iko wapi. Nilipomwonyesha, alisema haina haja.

Akatupa mguu mmoja nje ya dirisha. Kiunoni hana kitu. Nikamwuliza mkanda uko wapi, akacheka, akaniambia niwe na amani, yeye ana uzoefu, akaomba kamba ile ya nguo kama inanitia wasiwasi.

Mama alishuka kitandani. Mama, ambaye tangu jana jioni hawezi kwenda bafuni bila kushikwa. Alimkamata yule fundi mshipi wa suruali kwa nyuma, kwa mikono miwili, akamvuta ndani kama gunia. Akamwambia hapandi mtu ukuta huu bila mkanda, na kama mama yake mzazi hakumfundisha kuogopa, yeye atamfundisha.

Yule bwana ameondoka akinung'unika kwamba nyumba hii ina wazimu. Huenda.

Mama alikaa sakafuni hadi pumzi zikatulia. Nilitaka kumnyanyua. Akakataa. Mikono yake ilibaki imekunjwa hivyo hivyo, kama bado imeshika kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Leo wakati namkanda miguu mama amesema, "Mwite yule mrefu."

Nikamwambia nitatafuta mwingine, mwenye vifaa.

Akasema siku ile ya chai na Mrefu hakuwa amelala. Alisikia yote. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba mchana kutwa na sijui niliweke wapi: kwamba muda wote huu amekuwa akimgombeza mwanawe. Nilidhani anambembeleza! Kumbe akishamwuliza kama amekula, humgeukia: kwa nini hukufunga mkanda, mjinga wewe, kwa nini ulinifanyia hivi. Kila siku. Na mashine inamjibu kwa kukohoa.

"Nimemtukana bure," alisema.

Nikamwambia mimi pia nina hasira naye. Nikamwambia kwa nini. Ni mara ya kwanza nalitamka kwa mdomo. Nilitegemea atamtetea. Alinitazama muda mrefu, akasema nina haki. Akasema hata yeye angependa mwanawe awe mchoyo kidogo. Siku moja tu.

Tumelia, wote wawili, mafuta ya kukandia yakamwagika.

Nimempigia Mrefu. Alipokea kabla simu haijaita vizuri. Nilimwambia aje kesho, na aje na mikanda miwili. Akasema siku hizi hapandi popote bila miwili.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Kazi imesimama katikati. Naandika kwenye meza ya cherehani, kila mtu anasubiri.

Wamekuja asubuhi, Mrefu na mwenzake, mtu mzima asiye na maneno. Kila mmoja na mkanda wake. Kamba mbili kwenye nguzo, ya tatu ya kushushia mashine. Chini wamefunga njia vizuri, si viti vyangu vile. Fundi viatu amejipa cheo, anawazuia watu kwa brashi ya viatu.

Ilibidi iwashwe mara ya mwisho ili gesi yote irudi ndani ya mashine ya nje, ndipo mabomba yafungwe bila kuvuja. Mrefu alituambia kabla, akimtazama mama. Ni dakika chache tu. Aliishikiza kwa kamba ile ya tatu, akaiwasha. Ikagonga. Mama alikuja, akasimama katikati ya chumba, mkono kifuani. Hakuiambia kitu. Midomo ilikuwa imefungwa kabisa. Mrefu akafunga bomba la kwanza, la pili, akaniashiria. Nikazima mimi.

Ukimya ule. Nilisikia saa ya jirani.

Wametoa boliti za chini ndipo mvua ikashuka, nzito, bila kuonya. Mrefu akasema hakuna kushika chuma chenye maji ukutani. Wakaikaza kamba, wakaingia ndani. Mashine inaning'inia nusu, imelalia kamba na boliti mbili. Naiona kutoka hapa inavyochuruzika maji.

Nimewapa chai. Mwenzake amevua mkanda, ameuweka kitini. Mrefu hakuvua. Anakunywa chai amekaa wima, kulabu imelala mapajani kama mnyama aliyelala. Mama alimwuliza habari za mtoto. Akasema anatembea sasa, anavunja kila kitu. Mama akauliza jina. Mrefu akaweka kikombe chini, akatutazama, mama kwanza, kisha mimi. Akalitaja.

Ni jina la mume wangu.

Nilishika pindo la pazia lisilo na kazi, nikalikunja. Bado nalikunja.

Mvua imepungua. Mwenzake amechungulia nje, amesema waanze, ukuta hautasubiri. Mrefu amesimama. Mama amenyanyuka pia, taratibu, amekataa mkono wangu. Amekwenda kwenye nguzo. Amelipata fundo la kamba ya Mrefu, anaivuta kwa uzito wake wote, uzito wenyewe wa ndege mdogo. Fundo limeshika. Mrefu amemwambia imetosha, mama, iko sawa.

Anavuta tena.