Supu ya Mkebe

Jumatatu, 4 Julai 1955

Ukungu tena. Kuni mbichi, stovu imegoma kushika, nimepuliza mpaka macho yakavimba. Uji wa shayiri wa bwana, mayai mawili, mkate wa kuchoma. Bwana amelalamika mkate ni baridi. Njoro yote ni baridi, bwana.

Memsabu amerudi kutoka Nakuru na katoni. Mikebe ishirini na minne ya supu ya kuku, imekwisha kupikwa kiwandani, mtu anapasha moto tu. Kuku wetu wote walikufa kwa kideri mwezi jana, basi yeye ameona hawezi kupita msimu huu wa baridi bila supu. Amenionyesha jinsi ya kufungua mkebe. Mimi, miaka kumi na tisa jikoni. Nimesema ndiyo memsabu. Moyoni nimesema mengine.

Nimepika na viazi na liki za bustanini, vile vitunguu vyao virefu vya majani. Wamekula wakamaliza, bwana akaomba tena. Imeniuma zaidi.

Mama yangu, kule chumbani kwangu, hajala leo. Ni siku ya tatu.

Jumatano, 6 Julai

Kifua cha Mama kimebana. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Alikuja mwezi wa tano kutoka Maragoli kuniangalia kama bado natembea, maana tangu mke wangu afariki sijaenda nyumbani vizuri, na watoto wako kwa kaka Ezekieli. Alisema atakaa wiki mbili. Baridi ikamkuta hapa. Huku si kwao. Huku asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe.

Uji anasukuma. Maziwa anasema yanamletea makohozi. Ugali haupiti. Dresa wa shamba, anayetibu wafanyakazi, amempa vidonge na kuniambia nimpe supu ya kuku, kana kwamba hajui sisi ni watu wa wapi. Mama hajawahi kula kuku maisha yake yote. Wala yai. Wanawake wa rika lake hawali, basi. Vijana wa kanisani siku hizi wanakula na kulamba vidole. Mama anawaangalia kama watu wanaovua nguo sokoni.

Lakini kupika kuku, hakuna wa kumfikia. Amewapikia wanaume miaka hamsini. Firigisi kwa baba, paja kwa mgeni, shingo kwa sisi watoto wa kiume. Hajawahi kuchovya kidole kwenye sufuria kuonja. Chumvi anatia kwa kunusa. Upishi wangu wote umetoka kwake, si kwa memsabu yeyote.

Ninaogopa. Naandika hivyo kwa sababu hakuna wa kumwambia. Nyumba mbili za jirani ni tupu tangu wenyewe wahamishwe na serikali kwa hali ya hatari.

Alhamisi, 7 Julai

Nimefanya jambo.

Memsabu aliuliza hali ya Mama, nikamweleza, akanipa mikebe sita bila maneno mengi. Nimefungua mmoja jikoni kwake, nikatia wali kidogo, karoti iliyosagwa, nikaacha ichemke polepole mpaka ikawa nzito. Hakuna manyoya, hakuna mfupa, hakuna kichwa. Nani atajua? Nimeibeba kwenye bakuli chini ya koti.

Mama ameuliza ni nini. Nimesema ni supu ya mifupa ya ng'ombe, wazungu wanachuja mpaka inakuwa hivyo.

Ameshika bakuli kwa mikono miwili. Ameinamisha uso juu ya mvuke, akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akanywa. Yote.

Nimetoka nje nikalia nyuma ya choo. Mtu mzima.

Jumamosi, 9 Julai

Amekunywa jana, amekunywa leo. Jana na shayiri. Leo na viazi na liki, nimeviponda ili asitafune. Usiku hakukohoa sana.

Nina aibu kuandika hili lakini nitaandika. Nina furaha. Miaka minne narudi kwenye chumba hiki nakula ugali nimesimama, sufuria moja, kijiko kimoja. Nawapikia watu kutwa, hakuna hata mmoja ninayetaka kumwona akila. Sasa ninapokata karoti najua ni kinywa cha nani. Saa nane, bwana akilala, nakimbia na bakuli langu kushuka kwenye laini, nyumba zetu wafanyakazi. Natembea haraka kama kijana anayechumbia.

Jumanne, 12 Julai

Mama ametoka nje. Amekaa kwenye jua kwa nusu saa akamkosoa mke wa dereva wa trekta, Rebeka, jinsi anavyofunga mtoto mgongoni. Kumbe amepona.

Rebeka ni jirani mwema, anashinda na Mama ninapokuwa kazini. Leo amefunua bakuli, akanusa, akanitazama. Amenifuata mpaka kwenye mfereji. Ameokoka yeye na mumewe, na kwao kila Jumapili watu hukutana, wanasimama mmoja mmoja na kuungama dhambi zao hadharani, hata ndogo, halafu wanamwendea waliyemkosea wakamwambia. Wanasema ni kutembea nuruni. Ameniuliza kama Mama anajua anachokunywa. Nimemwambia ashughulike na mtoto wake. Hakukasirika. Amesema tu kwamba uongo kwa mzazi ni mzigo mzito, na kwamba nikichoka kuubeba nije Jumapili.

Nimekasirika jioni yote. Nimetia chumvi mara mbili kwenye nyama ya bwana.

Alhamisi, 14 Julai

Barafu bustanini, kabichi zimeungua. Mikebe sita imekwisha. Memsabu amenipa mingine minne, alikuwa mwema leo, sijui kwa nini.

Nimetia unga wa ngano na mafuta, nikaviringa vidonge vidogo, vikachemka ndani ya supu. Memsabu anavipenda. Mama ametoa kimoja kwenye kijiko, akakigeuzageuza, akasema wazungu wana kazi nyingi. Amevila vyote.

Ameniambia hajawahi kupikiwa. Si kama lawama, ametaja tu, kama mtu anayetaja mvua. Alizaliwa akapika, akaolewa akapika, akazaa akaamka akapika. Mimi nilikuwa nachochea moto, nikashindwa kugeuka.

Lile neno la Rebeka linanitafuna. Ananishukuru kwa bakuli ambalo ndani yake nimemdanganya. Akifa leo, atakwenda kwa marehemu baba na kuku tumboni, na hajui. Na aliyemtia ni mimi.

Jumapili, 17 Julai

Nimekwenda kwa kina Rebeka. Najua sasa heri nisingekwenda.

Walikuwa kama kumi na watano, nyimbo nzuri, chai ya rangi. Mtu mmoja alisimama akaungama sukari aliyochukua jikoni kwa tajiri wake, akasema amemrudishia na tajiri amecheka. Mwanamke mmoja aliungama wivu kwa mke mwenzake, wakakumbatiana palepale. Nyuso zao zilikuwa nyepesi. Nilitaka huo wepesi. Kusema kweli niliutaka vibaya. Sikusimama, lakini nimeshuka njiani nikijiambia mtu mwenye deni la neno alilipe leoleo.

Mama alikuwa ameketi kitandani na bakuli, nusu limekwisha. Nimepiga magoti. Naandika hapa kwa Kiswahili yale aliyosema kwa lugha ya kwetu, ili nisiyapoteze.

Nilimwambia, "Mama, hiyo supu si ya ng'ombe. Ni ya kuku. Nilikudanganya tangu siku ya kwanza. Nisamehe."

Hakushtuka. Aliweka bakuli chini, polepole, mbali na mguu wake.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," alisema. "Miaka hamsini nimenusa kuku. Unadhani wewe ndiye utanificha?"

Nikauliza mbona basi alikunywa.

"Ulikuwa hujasema. Ulipokuwa hujasema nilikuwa nakunywa supu ya mwanangu. Sasa umesema, ni kuku."

Nilianza kueleza habari za kuungama, za nuru, za dhamiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akinisikiliza nilipokuwa mtoto na nimevunja chungu.

"Umetua mzigo wako," alisema. "Umenitwika mimi."

Akajifunika blanketi akageukia ukuta. Supu imepoa na mafuta yameganda juu. Sijaimwaga. Sijui nifanye nini nayo.

Jumatatu, 18 Julai

Hajala.

Jumanne, 19 Julai

Nimemletea uji, viazi vitupu, chai. Ameonja chai akarudisha. Nimepika mifupa ya ng'ombe kweli, nimeomba kwa mchinjaji wa Njoro, nimechemsha kutoka asubuhi. Amenusa. Amesema hii ni ng'ombe, ahsante, na akasukuma. Hasemi kwa hasira. Afadhali angenipigia kelele.

Kikohozi kimerudi.

Memsabu ameuliza kama supu imemsaidia mama yangu. Nimesema sana, memsabu.

Jumatano, 20 Julai

Rebeka alikuja kumshawishi. Alimwambia kuku ni chakula tu, Mungu hakumkataza mwanamke, yeye mwenyewe anakula na hajapata upele. Mama alimjibu kwa upole kwamba si habari ya Mungu. Alisema alipokuwa bibi arusi mama mkwe wake alimkabidhi chungu cha kuku na kumwambia nyumba hii inakuamini. Na hakuna siku aliyokionja chungu hicho. Ndiyo mali aliyonayo, alisema, hana nyingine.

Sikuwahi kusikia habari hiyo. Miaka arobaini mimi ni mtoto wake.

Halafu amesema anataka kwenda nyumbani. Ijumaa, amesema. Hakuniuliza.

Ijumaa, 22 Julai

Bwana amenipa ruhusa mpaka saa sita. Nimembeba Mama mgongoni kutoka laini mpaka kwenye gari la maziwa, maana miguu imekataa. Ni mwepesi. Anatoshana na gunia la mkaa lililobaki nusu.

Stesheni tumekaa kwenye benchi. Nimemfunga kitambaa kifuani, nimempa blanketi langu, nimempa mkate na ndizi. Nimemtafutia mama mmoja wa Bunyore kwenye behewa, akaahidi kumwangalia mpaka Kisumu, kaka Ezekieli atampokea pale. Nilitaka aniambie neno. Treni ya Kisumu ilipoanza kujivuta, alitoa mkono dirishani akanirekebisha kola ya koti. Basi.

Nimerudi saa sita na nusu. Bwana alikuwa ameangalia saa.

Jumapili, 24 Julai

Rebeka amesema nilifanya vema, ukweli ni ukweli. Nimetamani kumpiga.

Chumba ni kikubwa. Kimekuwa kikubwa kuliko kilivyokuwa kabla hajaja. Kitanda chake nimekikunja, halafu nimekikunjua.

Alhamisi, 28 Julai

Supu kwa wageni wanne kutoka Gilgil, mikebe miwili, na shayiri. Wamesifu. Memsabu amewaambia ni kazi ya mpishi wetu. Nimesimama na kikapu cha mkate, nikiangalia mwanamke mmoja mzee akipuliza kijiko chake.

Hakuna barua.

Jumatano, 3 Agosti

Hakuna barua. Mvua ya mawe. Nimeota amekufa, na hakuna aliyeniambia.

Jumatatu, 8 Agosti

Hakuna.

Jumamosi, 13 Agosti

Barua ya kaka Ezekieli imefika leo asubuhi. Nimeisoma jikoni maziwa yakafurika kwenye stovu.

Mama yu hai. Alifika vibaya, wakadhani hamalizi wiki. Sasa anakaa, lakini anakula kama ndege, na wanawake wa nyumbani wamepika kila kitu mpaka wamechoka. Halafu Ezekieli ameandika hivi: Mama anasema daktari wa huko Njoro alimpa dawa fulani ya maji, hunywewa moto kwenye bakuli, ndiyo iliyomfungua kifua. Anakuomba umwombe daktari ampe tena. Anasema uilete vilevile ilivyokuwa, usimuulize daktari imetengenezwa na nini, na usiandike maneno mengi.

Mama hajawahi kuonana na daktari hapa. Dresa alimpa vidonge tu, na vidonge havinywewi kwa bakuli.

Nimesoma mara tatu, halafu nimekaa kwenye ndoo ya makaa.

Nimekwenda kwa memsabu, nimeomba mikebe iliyobaki, akate mshahara. Ilikuwa tisa. Nimeitia kwenye maji moto mpaka karatasi zenye picha zimetoka, nimesugua gundi kwa majivu, nimekausha. Imebaki bati tupu, inang'aa, kama vitu vya hospitali kweli. Nimeipanga ndani ya boksi na nyasi kavu. Juu nimeandika kwa herufi kubwa, Ezekieli atamsomea: DAWA. MOTO. BAKULI MOJA ASUBUHI, BAKULI MOJA JIONI. Nimewaza kuongeza salamu. Sikuongeza.

Stesheni karani ametikisa boksi, akaniuliza kuna nini ndani. Nimesema dawa ya mama. Ameandika dawa.

Nimerudi kwa miguu, ukungu umeshuka mpaka barabarani. Nimekula ugali wa mchana. Kesho ni Jumapili. Siendi kwa kina Rebeka.