Majani ya Kigeni Yamekufa Muanda

Mama mupenzi,

Huko kwetu Mabanga, Goma, mumeamuka aje? Hapa Muanda, kando ya bahari, leo tumeshinda. Yale majani ya kigeni yalikuwa yamefunika matope yote ambamo wamama wanatafuta kaa. Mwaka jana mimi na wenzangu tuliyakata, tukatandika bashi nyeusi za plastiki juu ili yakose jua. Asubuhi hii, maji yaliposhuka, tukafunua: mizizi yote imeoza. Mama Julienne, jirani yangu aliyekuwa ananiambia, “Mutoto wa Goma, haya hayatakufa,” aliingia matope mpaka magoti, akatoka na kaa mukubwa. “Leo unakula kwangu,” akasema. Tumemula na pilipili kali. Uliniuliza kwa nini naenda mbali hivi kwa ajili ya majani. Ungemuona mama huyu anavyocheka.

Mungu akulinde, na umukumbatie papa.

Mutoto wako, Furaha