Vidonge Vyetu Ndani ya Kopo la Wageni

Mshauri wetu mpendwa,

Salamu nyingi, na tafadhali nisaidie kabla ya Jumamosi, maana nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo lakini kuna jambo linanichoma kila asubuhi baba mkwe wangu akiomba maji ya kumezea dawa.

Mimi ni mpimaji katika maabara ya kiwanda cha dawa, nimeolewa, nina watoto wawili, na tunaishi na baba wa mume wangu, fundi saa mstaafu, mzee safi, ananiita binti yangu na hajawahi kunikosea ila kwa jambo moja tu, dawa za kiwandani kwetu anaziita chaki. Naye ana sababu zake, siwezi kubisha, kwa sababu miaka kadhaa iliyopita alifungua kopo la vidonge vyetu vya presha msimu wa mvua akakuta unga, na mtu aliyefungua saa za kila nchi maisha yake yote, anayejua ipi imetengenezwa kwa pupa, ukishampa unga badala ya kidonge umempoteza, tangu siku hiyo akawa anameza vya kutoka nje tu.

Ule unga uliniuma, mshauri, mimi na fundi wa mashine ya kukaushia tukahangaika nao miaka miwili, wenzetu wakitutania kwamba tumeoana na tanuri, hadi tukagundua kwamba tulikuwa tunakausha haraka mno kwa joto kali, chembe za dawa, kabla hazijashindiliwa kuwa vidonge, zinakauka nje huku ndani bado zina maji, kidonge kikikaa kwenye unyevu kinavimba na kubomoka. Tukapunguza joto, tukakausha mara mbili, mashine ileile kuukuu, kisha tukavifungia vidonge miezi sita kwenye kabati la joto na mvuke vikatoka vizima kama vilivyoingia. Wakaguzi wa nje wakaja, wakapekua hadi daftari la mfagizi, wakaridhika, na Jumamosi hii shehena ya kwanza inaondoka kwenda nchi ileile vinakotoka vidonge vya Baba, familia zimealikwa, na mimi na fundi wangu tutaitwa mbele.

Sasa sikia nilichofanya. Mwaka jana vidonge vya nje viliadimika, Baba akakaa siku nne bila dawa na vyetu akavikataa katakata, presha ikapanda, akawa anashika ukuta akitembea, mimi nikaogopa, nikachukua vidonge vyetu vipya, dawa ileile, kiasi kilekile, vyeupe vya mviringo kama vyake, nikavimimina kwenye kopo lake la zamani nikamwambia vimepatikana. Nilijiambia ni kwa wiki moja. Wiki imekuwa miezi kumi na moja. Vya nje vimesharudi madukani zamani, na mimi naendelea kumimina. Presha yake imetulia, anapanda ngazi akipiga mluzi, na kila akienda kunyoa anawaambia wenzake, "Wenzetu huko wanajua kazi, hiki kidonge kinafanya kazi mpaka unakisikia," hata kinyozi aliyekuwa akitumia vyetu ameviacha, anasubiri mwanawe amtumie pesa za kununua vya nje. Akirudi nyumbani ananiambia kwa upole, "Binti yangu, msikate tamaa, na nyinyi mtafika." Mume wangu anatoka nje kwenda kucheka.

Nimwambie au ninyamaze? Mume wangu anasema mzee ni mzima, ya nini kuchokoza. Naogopa ataona nimemfanya mtoto na hatakuja Jumamosi, na mimi nataka aje, mshauri, nataka aje kuliko hata kuitwa mbele.

Ni mimi,
Mkwe wa Fundi Saa

*

Mkwe wa Fundi Saa,

Hongera kwa kazi, nakupa kwa moyo mmoja. Barua yako imenivunja mbavu, hadi nilipofika kwa kinyozi, hapo kicheko kikakatika. Umemtaja nusu sentensi, ukampita kama mtu anayetaja kwamba jana kulinyesha. Mama, kuna mgonjwa wa presha ameacha dawa inayomfaa kwa sababu ya kopo lililo kwenye kabati lako. Huyo hasubiri Jumamosi wala chai ya jioni. Kunja gazeti hili uende kwake sasa hivi, mwambie arudie vidonge vyake na aende kliniki leo akapimwe. Habari za mzee usimwambie. Hizo ni za mzee mwenyewe, atazisimulia akitaka.

Tukirudi nyumbani kwako, zile siku nne nakuelewa. Mzee anashika ukuta, nani asingeogopa? Lakini vya nje viliporudi madukani hofu iliisha, na wewe ukaendelea, kwa sababu ulinogewa. Ulikuwa unakula sifa kwa mlango wa nyuma, na mlaji wa namna hiyo hashibi. Wewe unayefanya kazi ambako kopo moja likibandikwa lebo isiyo yake mnarudisha mzigo mzima, umeweka lebo ya uongo kwa mtu anayekuita binti. Je, kama angeanguka njiani, daktari akasoma kopo lile? Ungejieleza kwa nani?

Na huyo mumeo, mwambie kucheka nje kumekwisha. Safari hii atakaa ndani, kwenye kiti, karibu nawe.

Nunua kopo jipya la vidonge vya nje. Kesho asubuhi, kabla Baba hajameza, liweke mezani, na pembeni yake weka lenu lenye lebo yake halisi, pamoja na daftari lake la kliniki. Anza na "Baba, nilikudanganya," kisha nyamaza. Usikimbilie "lakini". Atakasirika, na ana haki, mwache akasirike mpaka amalize, hata kama ni siku mbili. Akikuuliza, usimweleze jinsi unavyompenda, hilo analijua. Mweleze ule unga ulitokana na nini na mlirekebisha vipi. Fundi ukimwonyesha kilichoharibika na kilivyotengenezwa, atasikiliza hata akiwa amenuna. Halafu mwende kliniki, daktari naye aambiwe kila kitu.

Kuhusu Jumamosi, usimwombe aje. Mwaliko anao, na ufunguo wa mlango anao.

Dawa achague mwenyewe, mezani, macho wazi. Akichukua kopo la nje, usinune na usimkumbushe zile ngazi anazopanda. Mmiminie maji, ameze, wewe vaa koti lako uende kazini. Wale wanunuzi wa nje wameichagua dawa yenu wakiwa wamesoma lebo. Mpe na baba yako nafasi hiyo.