Wa Kwanza Kufika Ndiye Mpishi

Kwa Dada yangu mkubwa,

Shikamoo Dada, na shikamoo nyingine mfikishie Shemeji hapo alipokaa na redio yake. Natumaini goti limepoa na ile dawa ya kupaka haikuunguzi tena. Sisi huku tu wazima, kama uzima ni kuamka, kwenda kazini na kurudi. Mtoto hajambo, jino la mbele limetoka na sasa maneno yote anayapuliza. Wifi yako hajambo pia. Amelala kitini hapa karibu yangu, mchana wa Jumapili, mdomo wazi kidogo. Akiamka atasema alikuwa anafikiri tu.

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Umeuliza tena mtoto anakula nini na saa ngapi, kisha ukasema tumlete kwako muhula ujao, akae nanyi na asome huko mpaka sisi tutulie. Chumba kipo, shule iko karibu, na wewe uliyepikia wodi nzima za wagonjwa miaka thelathini huwezi kushindwa na tumbo moja la mtoto. Najua unataka jibu kabla shule hazijafungua. Lakini kwanza nikueleze tunavyoishi, maana barua zangu za nyuma zote zilikuwa zimepigwa pasi.

Kazi yangu ni ileile, kusoma mita za maji. Natembea mtaa kwa mtaa na daftari langu, na kwa kuwa mita nyingi zimewekwa uani, karibu na jiko, nimeona majiko ya watu kuliko bwana afya. Shule yangu unajua ilikoishia. Mengine nimejifunza kwa kuchungulia. Nimegundua kwamba nyumba yenye mtu mchana inanukia kitunguu kuanzia saa kumi, na nyumba ambayo wote wako kazini inanuka sabuni ya jana. Yetu ni ya sabuni.

Wifi yako bado yuko kwenye kile kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli, upande wa pasi kubwa. Anasimama mbele ya mvuke tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Akirudi, vidole vimevimba, na ukimwonyesha jiko limewashwa anageuza uso kama umemwonyesha nyoka. Mimi mikono ni mizima, ila miguu ndiyo imekwisha. Basi kila jioni kwetu palikuwa na kesi: kipi kimechoka zaidi, miguu au mikono. Hakimu hakuna, na mashahidi wote wana njaa.

Tulijaribu zamu. Tarehe moja, tatu, tano nipike mimi; mbili, nne, sita apike yeye. Ilikwenda vizuri mpaka mwezi ukaishia tarehe thelathini na moja na kesho yake ikawa tarehe moja. Nikapika siku mbili mfululizo, nikalalamika kama mtu aliyeibiwa. Wifi yako akasema mwezi hakuutengeneza yeye, na kama nina neno nilipeleke kwa waliochapa kalenda. Tukajaribu kupika Jumapili chakula cha wiki nzima. Sufuria moja ya maharage. Jumatatu tuliyasifu, Jumanne tuliyala, Jumatano tuliyatazama. Alhamisi yalianza kututazama yenyewe. Isitoshe, Jumapili iligeuka kuwa siku ya kazi, na mtu akikosa hata siku ya kulala mdomo wazi anakuwa mkali.

Hapo ndipo mimi, ndugu yako mwenye akili, nikaleta sheria mpya. Nikasema tusihesabu tena tarehe: wa kwanza kufika nyumbani ndiye mpishi. Atakayefuata ataosha vyombo na kukagua madaftari ya mtoto. Wifi yako alinitazama kidogo, akasema sawa. Nilijisifu moyoni, maana basi la kiwandani kwao humshusha pale kona saa kumi na moja na nusu, na mimi siwezi kufika kabla ya kumi na mbili kasorobo. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshapiga mahesabu hayo. Nadhani naye alishapiga ya kwake.

Wiki mbili za kwanza nilifika nikakuta sufuria inachemka. Wiki ya tatu nikaanza kufika mimi kwanza. Mara ya kwanza nikadhani basi limeharibika. Mara ya nne nikajua basi ni zima kuliko mimi. Sikumuuliza. Nami nikaanza kuchelewa. Nilibaki ofisini nikipanga madaftari, nikichonga penseli ambazo hazikuhitaji kuchongwa, nikifuta tope kwenye viatu hadi soli. Mkubwa wangu wa kazi akanisimamisha mbele ya wenzangu, akasema vijana waige mfano wa mzee huyu, hana haraka ya kwenda nyumbani. Walinipigia makofi, Dada. Nilipokea makofi hayo nikiwa nimeinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Ofisi ikifungwa, nilihamia kwa fundi viatu aliye pembeni ya jengo tunaloishi. Ukikaa kwenye benchi lake unaliona dirisha letu la jikoni, ghorofa ya pili. Jiko letu limezibiwa mwanga na jengo la jirani, bila taa huoni hata kibiriti. Kwa hiyo nilikaa pale nikiangalia juu. Taa ikiwaka, nilijua mwenzangu ameshaingia. Nilinyanyuka taratibu, nikapanda ngazi nikiwa nimekunja uso wa mtu aliyebanwa na kazi. Fundi viatu alinivumilia siku chache, kisha akaanza kunichokoza. Aliniuliza, Bwana Maji, hivi viatu vyako nimevishona tangu Jumanne, unangoja vizae? Nikamwambia napumzisha miguu. Akasema miguu gani, maana yeye anaona napumzisha mwanamume mzima.

Sasa mtoto. Tunamwita Mwalimu, kwa sababu hakosi kumsahihisha mtu. Akitoka shule hukaa ghorofa ya chini kwa jirani yetu, mama mmoja mjane, fundi cherehani, mpaka mmoja wetu aje kumchukua. Mwanzo tulikuwa tunamchukua saa kumi na mbili. Ikawa saa moja. Ikawa moja na nusu. Yule mama akaanza kumpa chakula chake mwenyewe, kimyakimya. Siku moja akanizuia mlangoni na futi yake shingoni, akaniambia, Baba Mwalimu, mimi si mtu wa kuingia ndoa za watu, na mtoto huyu hanilemei, anakula kama ndege na anaongea kama bunge. Ila jana ameniuliza kama nyumbani kwenu jiko limeharibika. Nikacheka. Nikasema kazi zimetuzidi kidogo. Jioni ileile nikakuandikia wewe kwamba kila siku saa moja tunakula mezani wote watatu. Ndiyo barua uliyomsomea Shemeji kwa sauti, ukasema ilikufurahisha.

Ilikuwa Jumatano, wiki moja baada ya barua yako kufika. Nimekaa kwenye benchi, saa moja imepita, dirisha jeusi. Fundi viatu ameshafunga sanduku lake na kuniachia benchi. Mara taa ikawaka. Nikashukuru, nikajipa dakika tano za heshima, nikaelekea mlangoni. Pale chini ya ngazi nikakutana na wifi yako anaingia kutoka upande wa barabara, mkoba begani. Akaniuliza nimepika nini. Nami nikamuuliza yeye amepika nini. Tukatazamana. Kisha tukatazama juu.

Dada, miguu niliyokuwa nikiitetea kila jioni ilipanda zile ngazi mbilimbili. Wifi yako alikuwa mbele yangu. Sitakuandikia nilichokuwa nikikiona kichwani. Wewe umefanya kazi hospitali, unakijua. Mlango ulikuwa wazi. Mtoto amekaa mezani, miguu inaning'inia. Jiko limezimwa, halijaguswa. Mezani kuna sahani tatu tupu, kila moja na kijiko chake.

Alitutazama kwa zamu, akasema hajapika kwa sababu hajui. Amewasha taa tu. Ufunguo wetu wa akiba aliutundua msumarini kwa fundi cherehani, akamdanganya kwamba anafuata daftari. Mama yake akamuuliza kwa nini, huku ameshamkumbatia kichwa. Akajibu, kama anayemfundisha mtu mgumu kuelewa, kwamba dirishani kwa fundi cherehani anatuona wote wawili. Baba anakaa kwa fundi viatu. Mama anakaa kule kwa daktari wa meno. Taa ikiwaka, akasema, wote mnakuja. Sasa leo haikuwaka, nikaona niiwashe.

Ndivyo nilivyojua. Ng'ambo ya barabara kuna kliniki ya meno yenye viti vizuri na feni, na wifi yako alikuwa akikaa humo kila jioni akijifanya anangoja zamu, akilitazama dirisha lilelile. Aliniambia baadaye kwamba mpokezi alishamuuliza ni jino gani, na yeye kila siku alitaja jingine, hata akaogopa yatakwisha. Nilitaka kucheka. Yeye alianza kucheka, kisha akalia, kisha akaenda kukatakata kabichi kwa hasira. Nilimsogelea, nikavunja mayai. Hakuna aliyesema nani alifika kwanza. Mtoto alikula sahani nzima, ingawa alikuwa ameshakula chini. Alikula polepole, na kila tulipomwambia amalize, alijimiminia maji tena, ili tusiondoke mezani.

Usiniambie hilo ndilo kosa langu, maana bado sijalifikia. Barua yako ya kuomba mtoto ilipokuja, niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, na nilifurahi. Sikufurahi kwamba atasoma vizuri au atapata shangazi. Nilifurahi kwa sababu nilihesabu: mtoto akiondoka, hakuna haja ya kupika. Watu wazima wawili wanaweza kula mkate wamesimama na kwenda kulala. Nilikaa na furaha hiyo siku saba, pale kwenye benchi, nikiipapasa kama kitu kilichoko mfukoni, na jibu la kukubali nilikuwa nimeshaliandika kichwani, pamoja na maneno mazuri kuhusu malezi. Ungeyaamini. Mimi ni hodari kwa maneno hayo. Mtoto alikuwa dirishani akinihesabia jioni zangu, na mimi nilikuwa chini nikimhesabu yeye kama sahani moja ya kupunguza.

Hili nilimwambia wifi yako Jumamosi iliyofuata. Kisha akasema yeye alifurahi pia, ila yeye alifurahi siku mbili tu, baadaye akaanza kuona haya kumtazama mtoto. Akaniambia nikuandikie, na nisiifue barua wala kuipiga pasi.

Tangu hapo tunafanya hivi. Anayefika kwanza hapandi. Anakaa kwa fundi cherehani, anamngoja mwenzake, kisha tunapanda watatu, mtoto ndiye anafungua mlango. Mwenye mikono iliyochoka anakaa mbali na moto, anamenya na kukata. Miguu inapumzika kwenye kigoda na mimi nakoroga nikiwa nimekaa. Mtoto anatusomea kitabu chake na kutusahihisha tunavyokata vitunguu. Chakula si cha kusifu. Wiki hii tumekula mayai mara tatu. Alhamisi wifi yako alisinzia na kijiko mkononi, nikamalizia wali wake. Ijumaa tulishindwa kabisa. Tulikula mkate na ndizi saa mbili kasoro, tukagombana kuhusu chumvi, na mkate wenyewe hauna chumvi ya kugombania. Kwa hiyo usidhani tumetengenea. Bado tumechoka, na kesho ni Jumatatu.

Basi jibu langu, Dada, ni hapana. Mtoto abaki. Kwako angekula vizuri kuliko hapa, hilo halina ubishi, na nimejaribu kutafuta sababu nzuri ya kulipinga nimekosa. Ninayo hii moja tu: akija kwako sasa, atajua kwamba aliwasha taa na sisi tukamhamisha. Likizo tutamleta, ukitaka, mwezi mzima, na umlishe mpaka asipite mlangoni. Ila tutakuja kumchukua. Andika tarehe, nami nitaweka sahihi.

Nisamehe kwa kukawia. Nilikuwa nangoja niwe na habari nzuri zaidi ya hii ndipo nikujibu, kisha nikaona nitakuwa nimekaa tena kwenye benchi.

Msalimie sana Shemeji, na umwambie ile barua ya meza ya saa moja asiisome tena. Wifi yako ameamka. Anasema hakulala, anakupa pole ya goti, na anauliza unawezaje kupika maharage ya wodi nzima yasichache hadi Jumatano. Mjibu yeye. Mtoto anasema nikuambie, Shangazi, kwamba jino limetoka lakini hakulia.

Ni mimi, mdogo wako,
Msoma mita