Nyama Laini kwa Mzee Muasya

Voi, Jumanne

Mpendwa dada Tryphena,

Salamu nyingi kutoka huku Voi. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na shemeji Kilonzo na watoto wote. Mgongo wako unaendeleaje? Na maji je, bado mnanunua ya boza au mfereji umerudi? Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu. Mama naye hajambo. Nilipanda milimani Chawia Jumapili nikamkuta anapalilia maharagwe kana kwamba ana miaka arobaini. Anakusalimia sana.

Utashangaa kuona karatasi siku hizi za simu. Nimekupigia mara nne tangu wiki jana, na kila mara naishia kukuuliza habari za jua la Maungu kama mtu wa utabiri wa hewa. Kuna neno limekataa kutoka mdomoni. Kwa hiyo naandika, na Nicholas, dereva wetu wa hapa kwenye kambi ya watalii, atakupitishia barua hii Alhamisi akielekea Mombasa. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Nianze na nyama, maana najua ndiyo unayoingojea. Uliniomba jambo moja tu kwa siku ya posa ya mwanao Daisy: nyama laini ambayo mzee Muasya, baba mkwe wake mtarajiwa, ataweza kuitafuna kwa yale meno yake matatu. Sijasahau ziara yao ya kwanza, alivyopewa mbavu za mbuzi choma akazigeuza mdomoni mpaka hotuba zikaisha, halafu sote tukaiona leso ya kutemea ikitoka mfukoni. Uliingia jikoni ukalia kwa aibu. Nikakuahidi papo hapo kwamba wakirudi kuposa rasmi nitakuja na ile mashine ya kambini ya kuchomea nyama, na hakuna mtu atakayetoa leso. Meneja wetu, Wendy, ameshakubali kuniazima. Sasa zimebaki siku kumi na moja, na sikufichi, nina roho juu.

Mashine yenyewe si kama jiko la makaa. Inakula peleti, vipande vidogo kama chakula cha sungura, vilivyoshindiliwa kutokana na vumbi la mbao. Unabonyeza joto unalotaka, skrubu ndefu inasukuma peleti motoni kidogo kidogo, feni inapuliza, na wewe unaambiwa ukakae. Hapo kwenye kukaa ndipo pananishinda. Naiweka digrii mia na kumi. Nikigeuka kidogo, kioo kinasoma mia ishirini na tatu. Nikirudi, tisini na nane. Nikipikia wageni samaki au kuku wa haraka sijali, lakini mkono wa mbuzi unataka saa sita au saba za joto la pole, na kila namba ikipanda nakimbilia kutazama. Ile nyama mliyoisifu Krismasi, acha niseme ukweli, aliisimamia Mbuvi, fundi wetu wa stima. Mimi nilitia chumvi na viungo tu, kisha nikapokea sifa.

Mwezi huu nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza nje ilikuwa nyeusi ti, na karibu na mfupa bado damu. Mara ya pili niliacha gunia la peleti wazi, mvua ikalinyeshea, peleti zikavimba zikawa uji. Moto ulizimika, moshi ukajaa kote, askari wa geti wakaja mbio na ndoo za maji. Walinicheka wiki nzima, na hata sasa wakinipita wanakohoa. Ya tatu ilikuwa Jumamosi iliyopita, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Siku hiyo Mbuvi aliamua kukaa nami. Alipangusa jivu la ndani, akaigeuza mashine ili upepo wa nyikani usiisumbue, akatia peleti kavu, akachomeka kipimo ndani ya nyama yenyewe. Kisha akaketi, akawa anachora mistari ukutani kwa kipande cha mkaa. Baada ya saa tatu aliniita niihesabu. Nilikuwa nimefungua kifuniko mara kumi na tisa.

Alinieleza kwa upole kwamba mashine haina kosa. Joto lake hupanda kama kumi na kushuka kama kumi, ndivyo lilivyo, na nyama ya saa saba haisikii hata kidogo. Lakini nikifungua, joto linatoroka, mashine inadhani inazimika, inamwaga peleti kwa pupa, na nikishafunga moto unaruka kupita kiasi. Nami nikiona umeruka, nafungua tena. Alisema huko kuyumba nakuleta mimi. Halafu akaniuliza ninaogopa nini hasa, maana mpishi wa miaka kumi na minane hawezi kuogopa moto uliofungiwa ndani ya sanduku la chuma. Nilikwenda stoo nikajifungia, nikakaa juu ya gunia la viazi, mtu mzima mwenye watoto.

Jibu nalijua, dada. Naogopa moto ulioachwa peke yake. Sijawahi kuuacha, hata wa chai, tangu jikoni kwa mama kulipoungua.

Najua hupendi kukumbushwa, lakini nivumilie. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi minane. Mama alikuwa shambani, zamu ya jikoni ilikuwa yako, na maji yalikuwa yamekwisha. Ulikwenda mtoni, na uliporudi na mtungi kichwani ukakuta paa la nyasi limeshawaka, na mbegu zote za mahindi darini zinateketea. Mwaka ule tulipanda mbegu za kuombaomba. Marehemu baba alikuchapa mpaka majirani wakaingilia kati, na kabla mwezi haujaisha akakupeleka kwa shangazi huko Maungu, darasa la tano likaishia hapo.

Mficha uchi hazai, dada, na mimi nimeuficha miaka thelathini na mmoja. Ulipokwenda mtoni, moto uliuacha umelala. Ulizitoa kuni, ukafukia makaa kwa jivu kama mama alivyotufundisha. Niliona kwa macho yangu, maana nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango na viazi vitamu viwili kwenye sketi. Ulipopotea kwenye kona, niliingia. Nikafukua makaa, nikatupia mabua makavu, nikapuliza mpaka yakashika, nikavitia viazi vyangu. Kisha nikasikia watoto wa jirani wakiniita, nikatoka nikijiambia narudi sasa hivi.

Baba alipouliza, wewe mwenyewe ulisema labda hukufukia vizuri. Ulisema hivyo ukilia, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale nimeshika kanga ya mama. Nilinyamaza. Nikaendelea kunyamaza ulipofungiwa nguo zako kwenye mfuko, na nilipokwenda sekondari, na nilipokwenda chuo cha upishi. Na kila ukijitania mbele za watu kwamba Tryphena asipewe kiberiti, atawachomea nyumba, mimi hucheka pamoja nao. Naona haya hata kuandika hilo.

Jumapili nilimwambia mama. Aliweka jembe chini akakaa kwenye tuta. Kisha aliniomba nisikwambie mpaka shughuli ya Daisy ipite, nisije nikaiharibu. Nimeshindwa kumtii. Ningekuja kupika, ungesimama mbele ya wakwe ukanishukuru, na hungejua unamshukuru nani.

Mashine itakuja Maungu hata kama hutaki kuniona. Mbuvi amekubali kuileta yeye, pamoja na jenereta endapo stima itapotea, na nyama ya mzee Muasya itaiva. Nani asimame hapo siku hiyo, sema wewe. Nicholas atarudi Ijumaa, mpe neno lolote utakalotaka, hata likiwa moja.

Sikuombi unisamehe upesi. Naomba uamini jambo moja kabla ya mengine yote. Siku ile hukukosea. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, na moto uliulaza vizuri kabisa.

Nisalimie shemeji, Daisy na wadogo zake, na shangazi pia. Mungu awe nanyi hapo nyumbani.

Ni mimi, mdogo wako,
Wakio