Saa Nane Angani

Jumatatu, 4 Juni 2012

Niwie radhi, shajara yangu. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari. Sina udhuru ila uvivu.

Binti yetu Esperance amepata kibali cha kutuita Montreal, tumwone mjukuu. Jibu linatakiwa Jumatatu ijayo. Mimi niko tayari. Mke wangu, Hortense, huvimba miguu akikaa mno. Ameuliza jambo moja tu: "Ni mbali namna gani, Papa Esperance?"

Swali zuri — kesho nitalitafutia jibu!

Jumanne, 5 Juni

Nimeazima tufe la dunia shuleni, hapa Old Kampala, nikanyoosha uzi toka Entebbe hadi Montreal. Ajabu! Nilidhani utakwenda magharibi. La — unapanda kaskazini, juu ya Kongo yetu, Sahara, kisha bahari. Kilomita elfu kumi na moja na ushei. Lakini hakuna ndege inayofuata uzi huo! Wakala wa tiketi kule Nakivubo anasema sharti tupitie Brussels.

Nikamwambia Hortense: "Mpaka Brussels ni saa nane." Hakungoja sehemu ya pili. Akapiga makofi. Amekubali!

Alhamisi, 7 Juni

Jirani yetu Aoko, Mkenya, kanisimamisha bombani. "Mzee, hongera! Mama ametangazia soko zima la Kalerwe: mnapanda asubuhi, saa nane mchana mko Ulaya mnakula!"

Kumbe! Hortense alisikia saa ya ukutani, si urefu wa safari.

Nilipofundisha Bukavu, kila "masaa" nililipiga mstari mwekundu. Saa haina wingi wa ma-. Nashikilia hivyo hata leo. Lakini ningesema "masaa nane" angeelewa.

Ijumaa, 8 Juni

Nimemweleza.

"Saa ama masaa, Papa Esperance?"

Nimelitamka: masaa. Na kwamba baada ya Brussels kuna ndege ya pili, karibu masaa hayohayo.

Akacheka hadi machozi. "Leo Mwalimu ameanguka mtihani!" Kisha akatazama miguu yake. Ameitangua ile ndiyo ya Jumanne.

Jumamosi, 9 Juni

Tangu saa mbili asubuhi Hortense ameketi kwenye kiti cha mbao, mlangoni. Anayajaribu masaa nane ya Brussels! Miguu yenyewe itajibu, asema. Amejifunga kitenge kiunoni na kwenye kiti — ndio mkanda.

Aoko akapita: "Mama, mmefika wapi?"

"Khartoum. Sogea, unaziba dirisha."

Amejiruhusu kwenda msalani tu, maana hata ndegeni kipo choo.

Saa sita. Vifundo vimeanza kujaa. Nikamsihi ashuke.

"Mtu hashuki hewani, Mwalimu. Lete maji."

Saa saba na ushei. Hacheki tena. Ameuliza kiti cha pili kiko wapi. Je, mimi sisafiri? Nimekileta. Naandikia magotini. Brussels bado. Akishakata shauri, nitaliandika hapa. Sasa ameushika mkono wangu wa kalamu — asema ndege inatikisika.