Damu Iliyopashwa Joto

Mjukuu wangu Hawa,

Amani iwe nawe huko Nairobi. Nyanya yako anakusalimu, na ng'ombe wamesharudi kutoka deltani.

Umeniuliza kwa nini ramani mnayochora maabarani ya aina za virusi vya rubela haina alama hata moja ya huku Garsen. Ilikaribia kuwepo. Mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya yale mafuriko, watoto walitokwa na vipele, na muuguzi akachukua damu yao. Barabara ilikuwa imefungwa na maji, hivyo akaacha kisanduku cha barafu chenye vichupa vya damu hiyo kwa jirani yetu, Mama Dhadho.

Asubuhi tulikuta vichupa vimepangwa kando ya jiko.

“Damu ya mtoto hailazwi baridini, mwalimu,” aliniambia kwa furaha. “Nimeiokoa.”

Joto lilikuwa limeharibu virusi. Jeni zake zisingesomeka tena. Muuguzi alimshukuru tu.

Binamu yako Amina, asiyeona, alikuwa tumboni wakati huo, na rubela huweza kumpofusha mtoto aliye tumboni. Mama yake bado huniuliza ugonjwa ule ulitoka wapi.

Ukija kuchukua damu, mwanangu, kaa kwanza unywe chai na kina mama. Waeleze barafu ni ya nini.

Babu yako